Soprano Huolewa: Kwaya za Ndugu Kati ya Bungoma na Kitale

Kundi la waimbaji waliozaliwa tumbo moja lina ugonjwa mmoja usio na dawa: besi hurithi shamba, soprano huolewa. Watoto wanne wa nyumba moja huanza kuimba wakiwa shule ya msingi, wakapendwa, wakaalikwa kanisa hadi kanisa. Miaka 10 baadaye sauti ya juu imekwenda kwa mumewe, Malakisi au Nairobi, na wavulana watatu wamebaki wakitazamana kama jiko lililopoteza figa. Nyumba za waimbaji kati ya Bungoma na Kitale zinaijua Jumapili ya kwanza baada ya harusi. Wimbo ni ule ule, mwendo ni ule ule, lakini juu pana tundu.

Jinsi nyumba hizo zilivyoliziba tundu hilo ndiyo historia inayosimuliwa hapa. Ni historia ya zaidi ya karne moja, na karibu yote inapita katika barabara moja: ile itokayo Webuye, ikapita Lugulu, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, hata ikaingia Kitale. Nyimbo zilipanda barabara hiyo pamoja na watu, na watu walipanda kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuhusu nyimbo hata kidogo.

Kabla ya kitabu cha nyimbo

Wabukusu hawakumngoja mmishonari awafundishe kuimba. Walikuwa na litungu, chombo cha nyuzi saba, na siilili, chenye uzi mmoja tu na maneno mengi. Walikuwa na nyimbo za tohara, ambayo mpaka leo hufanywa Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa, kijana akigonganisha njuga za chinyimba mikononi huku ndugu na majirani wakimwitikia njia nzima. Kiongozi hutoa mstari, umati huurudisha. Mpango huo haukuhitaji sauti nne. Ulihitaji mtu mmoja mwenye koo na wengine wengi wenye moyo, na ndugu ndio waliotangulia kuitikia, kwa kuwa anayetahiriwa ni wao.

Mwaka 1895 Wabukusu walipigwa Lumboka na Chetambe, mlima unaotazama Webuye, katika vita na Waingereza walioongozwa na Charles Hobley. Miaka 7 baadaye, 1902, Wamarekani watatu wa dhehebu la Friends, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi. Reli ilikuwa imegusa Kisumu mwishoni mwa 1901, nao wakaja nyuma yake. Kutoka Kaimosi kazi yao ilisambaa kaskazini, na Lugulu ikawa kituo chao katika nchi ya Wabukusu.

Ajabu ni kwamba Friends wa asili, wale wa Uingereza ya karne ya 17, waliabudu kimya. Waliketi bila kasisi, bila kinanda, bila wimbo, wakingoja Roho amsukume mmoja wao aseme neno. Waliofika Kaimosi walitoka tawi la Marekani lililokuwa limekwisha kuguswa na uamsho wa karne ya 19. Hao walikuwa na wachungaji, mahubiri marefu na nyimbo za kuita wenye dhambi mbele. Wangetumwa wale wa kimya, Bungoma ingekuwa nchi nyingine kabisa siku ya Jumapili.

Herufi saba na taa moja

Uimbaji wa sauti nne haukufika vijijini kwa kinanda. Kinanda kilikuwa ghali, na mchwa walikipenda. Ulifika kwa solfa, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t, ambazo zilitokana na mbinu ya Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ili watu wasiokuwa na pesa waimbe pamoja bila kununua chombo. Herufi hizo hupigwa kwa taipureta ya kawaida, huandikwa ubaoni kwa chaki, hunakiliwa daftarini kwa penseli. Mwalimu wa shule ya misheni, ambaye Jumatatu alifundisha hesabu na Jumapili aliongoza kwaya, alibeba vifaa vyake vyote kichwani.

Sasa ingia nyumbani kwa mwalimu wa namna hiyo usiku. Ugali umekwisha, sufuria imelowekwa maji, taa ya chemni iko mezani pamoja na kitabu kimoja cha nyimbo. Kimoja, kwa watu wanane. Baba anatoa do kwa koo lake mwenyewe, anapanda mi, anapanda so, anashuka tena, na kila mtu anachukua yake. Kijana mkubwa, ambaye sauti imemvunjika juzi na bado inamwaibisha, anashushwa kwenye besi. Mama hakitazami kitabu. Alto anayo tangu akiwa msichana kwa baba yake. Binti mkubwa anashika sauti ya kwanza. Mdogo aliyelalia goti la mama haimbi, anasinzia tu, lakini akifika darasa la nne atajua sauti zote nne na hataweza kukueleza alizijua lini.

Hayo hayakuwa mazoezi. Ilikuwa sala ya jioni, na hakuna aliyelipwa wala kupigiwa makofi. Lakini ndipo sauti za ndugu zilipoungana kwa namna ambayo kwaya ya kukusanywa huitafuta miaka na miaka. Wamefundishwa kutamka na mama mmoja, basi “a” yao ni moja na “o” yao ni moja. Wamelala chumba kimoja, basi kila mmoja anajua mwenziwe huvuta pumzi wapi. Wakiimba hadharani hawahitaji mtu wa kuwapungia mkono. Kaka akiinua nyusi kidogo, wote wameshaingia.

Shule nazo zilitia chumvi. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa 1927, baadaye liliwafikisha watoto wa shule za Kiafrika mbele ya majaji, na sauti nne zikawa jambo la alama na vikombe. Mtoto aliyejifunza besi mezani kwa baba yake alifika shuleni akiwa tayari ni mali ya mwalimu wa muziki.

Ngoma inarudi

Si kila nyumba iliridhika na herufi. Mwaka huo huo wa 1927 palizuka Kaimosi vuguvugu la Roho Mtakatifu, Chilson mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolihubiri. Watu walitubu kwa sauti kuu, wakalia, wakanena kwa lugha. Uongozi wa misheni uliogopa, ukakataza, na waliokataa kunyamaza wakatolewa. Kwao ndiko lilikotoka kanisa la African Church of Holy Spirit, kanisa la ngoma na la misalaba iliyoshonwa kwenye nguo. Chilson naye aliondoka, na mwaka 1934 akawa mwanzilishi wa kazi ya Friends nchini Burundi. Upande mwingine, Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya 1921, lilikuwa na ngoma yake kubwa tangu mwanzo, na magharibi ililipokea kama mgeni anayekuja na chakula chake.

Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Kibabii, karibu na Bungoma, mwaka 1931. Misa yao ilikuwa ya Kilatini. Ngoma ilingoja nje ya mlango hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa waraka wake wa liturujia tarehe 4 Desemba 1963, ukifungua njia ya lugha za wenyeji na muziki wao. Siku 8 baadaye Kenya ilipata uhuru. Mkatoliki wa Bungoma wa umri wa makamo alishuhudia bendera mpya na ngoma mpya karibu kwa pamoja.

Kwa hiyo kijana wa miaka ya 1960 alikuwa na urithi wa mikono mitatu: kuitikia kwa kienyeji, sauti nne za herufi, na ngoma iliyopata ruhusa. Kundi la ndugu lililozaliwa baadaye liliichanganya yote mitatu bila kujiuliza. Kaka anaanzisha kama kiongozi wa tohara, dada wanajibu kwa sauti tatu kama kitabuni, na chini yao ngoma inasukuma.

Nyumba inagawanyika mara mbili

Kitale ni mji wa mahindi na reli. Ardhi ya Trans Nzoia, iliyokuwa nchi ya Wasabaot, Wapokot na majirani zao, iligawiwa walowezi, wengi wao wakiwa askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na tawi la reli likafika Kitale mwaka 1926. Mashamba yalitaka mikono, na mikono mingi ilitoka upande wa Bungoma. Mtu alipanda na mke na watoto, akapewa kibanda na kipande cha kulima, akawa skwota. Kanisa lake lilibaki nyuma, kwaya yake ilibaki nyuma. Alichoweza kuja nacho ni jembe, sufuria na kitabu cha nyimbo, na waimbaji aliokuwa nao ni wale aliowazaa.

Ilikuwa miaka ya wasiwasi. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde, mchezaji mpira wa zamani na Friend aliyefarakana na kanisa lake, alianzisha Dini ya Msambwa, akiwataka watu warudi kwa Mungu wa mababu na wazungu warudi kwao. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa mbali, hadi Lamu. Wafuasi hawakuwa Bungoma pekee. Walikuwa pia kwenye mashamba ya Trans Nzoia. Kuanzia hapo Waafrika waliokusanyika usiku na kuimba walitazamwa kwa jicho la askari. Baba, mama na watoto wanaoimba ndani ya kibanda chao, mlango ukiwa umefungwa, ni jambo lingine: hao ni watu wa nyumba moja wanaosali walale.

Baada ya uhuru mashamba makubwa yalianza kukatwa. Ikaja miradi ya serikali ya makazi, zikaja kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi, na familia za Bungoma zikauza ng'ombe ili zipate ekari chache Trans Nzoia. Hapo nyumba ziligawanyika. Babu alibaki Bungoma kwenye makaburi, baba akahamia shamba jipya, kaka mmoja akarudishwa chini kutunza boma la zamani. Sauti nne zilizokuwa meza moja sasa zilikuwa kaunti mbili, ingawa wakati huo tulisema wilaya. Zilikutana Desemba, zilikutana harusini, na zaidi ya yote zilikutana matangani.

Tenori na besi walijuana upya kila Krismasi. Wa Kitale alikuja na mtindo aliousikia kwa majirani wa makabila mengine, wa Bungoma akamkumbusha namna baba alivyoufundisha wimbo. Walibishana, wakacheka, wakaimba. Ubishi huo ndio ulioupa muziki wa upande huu ladha yake, kwa sababu Kitale ni mji wa wahamiaji, na mtoto aliyekulia Kiminini au Saboti aliimba Kiswahili kanisani si kwa kupenda tu, bali kwa kuwa benchi moja lilikuwa na lugha tano.

Ndugu watatu wa Texas

Redio iliongeza mwalimu mwingine ndani ya nyumba. Sauti ya Kenya ilikuwa na kituo Kisumu kilichotangaza kwa lugha za magharibi, na vipindi vya dini vilileta nyimbo zilizorekodiwa mbali. Waadventista Wasabato, walioanza Gendia kando ya Ziwa Victoria mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Malawi, walikuwa wamekwisha kutapakaa magharibi nzima. Pamoja na makambi yao ya kila mwaka na masomo yao ya Biblia kwa njia ya posta walileta mtindo mmoja ulioshika sana: wanaume wanne, hakuna ngoma, hakuna kinanda, kila neno linasikika.

Mfano uliopendwa na Waadventista duniani kote ulikuwa kundi la King's Heralds la Marekani, na mwanzo wake ni wa nyumbani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1927, huko Keene, Texas, ndugu watatu, Louis, Waldo na Wesley Crane, walianza kuimba pamoja. Watatu ni wachache kwa sauti nne. Wakamwita kijana asiye wa kwao, Ray Turner, ashike besi, na wakajiita Lone Star Four. Miaka 10 baadaye walikuwa sauti ya kipindi cha redio cha mhubiri H. M. S. Richards, kile tunachokijua kama Sauti ya Unabii, wakiwa na jina jipya.

Msomaji amshike huyo Ray Turner. Tutamrudia.

Vijana wa Kitale na Bungoma walioyaiga makundi ya namna hiyo walikuwa na faida moja kubwa: hawakuhitaji pesa. Kikundi cha magitaa kilihitaji umeme, vipaza sauti na mtu wa kukopesha. Kikundi cha ndugu wanne kilihitaji mashati yanayofanana. Makundi mengi yaliyotoka pande hizi yalianza hivyo, na hata yaliyokuja kuweka vyombo baadaye yana mahali katikati ya wimbo ambapo vyombo vinanyamaza na watoto wa mama mmoja wanasikika peke yao.

Kanda ya kahawia

Kisha ikaja kaseti. Kanda ilibadilisha maisha ya kundi la familia kuliko kitu chochote tangu solfa. Miaka ya 1980 Kenya nzima ilimjua mwalimu Mary Atieno na ilimjua Faustin Munishi, Mtanzania aliyetembea na kodiani yake. Eldoret alikuwepo Reuben Kigame, mzaliwa wa Vihiga aliyepoteza macho akiwa mtoto mdogo, ambaye na kundi lake la Sifa Voices alionyesha kwamba si lazima mtu wa magharibi ahamie Nairobi ndipo asikike. Kundi la ndugu kutoka Kiminini liliwaangalia hao likasema: na sisi.

Safari ilikuwa na vituo vinavyofanana. Kwanza mkutano wa injili, kundi likiimba kabla ya mhubiri. Halafu harambee ya bati za kanisa, mahali ambapo mgeni wa heshima huwasikia na kuwatunza. Halafu kitenge cha sare, kilichonunuliwa kitambaa kizima ili rangi isipishane. Halafu mchango wa ukoo kwa ajili ya studio, safari ya usiku, na nyimbo nane zilizoimbwa kwa siku moja kwa kuwa siku ya pili haikulipiwa. Mwisho wake lilikuwa boksi la kanda, “Volume 1” likiandikwa hata kabla ya kujua kama kutakuwa na ya pili. Jumapili iliyofuata meza iliwekwa mlangoni mwa kanisa na mdogo wao wa mwisho akawekwa muuzaji.

Kanda hizo zilipigwa kwenye matatu za Webuye hadi zikavutika. Kila abiria wa enzi hiyo aliwahi kuona penseli ikizungusha utepe wa kahawia kuurudisha ndani. Pia zilinakiliwa bila haya. Mtu aliye na redio ya milango miwili ya kanda alikuwa kiwanda, na kundi liliweza kusikika Kitale yote huku wenyewe wakidaiwa nauli. Sheria ya hakimiliki ya 2001 ilikuja kuipa serikali meno, lakini ilipoanza kuuma kanda ilikuwa imeshaanza kufa.

Pesa iliumiza kwa njia nyingine pia, na hapa undugu uligeuka mzigo. Katika kwaya ya kawaida mweka hazina huulizwa, na asipojibu huondolewa. Katika kundi la ndugu mweka hazina ni kaka mkubwa, yule aliyekulipia karo ya kidato cha pili. Utamwulizaje risiti? Basi hakuulizwa. Walinyamaza mwaka wa kwanza, wakanyamaza wa pili, na siku moja mdogo akasema ana kazi Jumapili hiyo, na Jumapili iliyofuata akasema hivyo tena. Makundi ya ndugu hayavunjiki kwa ugomvi wa hadhara. Hukauka.

Yalikuwepo na yaliyovunjwa kwa nguvu. Mapigano ya ardhi yaliyoanza 1991 na kuendelea 1992 yalizichoma nyumba Trans Nzoia na maeneo ya Mlima Elgon, na familia zikalala kwenye viwanja vya makanisa. Nyumba iliyokuwa na kwaya ilijikuta na watoto kwa shangazi, baba mjini, mama Bungoma. Wengine hawakurudi tena kwenye shamba walilolinunua kwa ng'ombe wa babu.

Makoma na Kahama

Wakati huo huo kundi la familia lililosikika sana Afrika Mashariki lilikuwa linaimba kutoka Uholanzi. Makoma walikuwa watoto wa familia ya Kikongo: Annie, Pengani, Nathalie, Tutala, Duma na Martin. Walianza 1993, albamu yao ya kwanza ilitoka 1999, na mwaka 2002 walipata tuzo ya Kora ya kundi bora la Afrika. Kitale hapajui Lingala, lakini “Napesi” iliimbwa na vijana wa makanisa ambao hawakujua neno moja la maana yake, ila walijua pa kuingia. Mwaka 2004 Nathalie, sauti iliyobeba jina la kundi, aliondoka kuimba peke yake. 2008 alishika nafasi ya pili katika shindano la Idols la Uholanzi. Sauti ya dada iliondoka, kama kawaida, ingawa safari hii si kwa harusi.

Kati ya Makoma alikuwepo mmoja asiye wa tumbo lile: Patrick Badine. Ndiye Ray Turner wao.

Karibu zaidi na sisi wapo Zabron Singers wa Kahama, Tanzania, kundi la familia ya Kiadventista ambalo “Mkono wa Bwana” iliwafikisha kila harusi ya Kenya. Tarehe 13 Septemba 2022 walikuwa uwanjani Kasarani, Nairobi, wakiimba kwenye kuapishwa kwa Rais William Ruto. Agosti 2024 mmoja wao, Marco Joseph, alifariki Dar es Salaam, na magharibi ya Kenya ililia kana kwamba amekufa mtoto wa jirani. Tazama majina yao. Kundi linaitwa Zabron, lakini si kila mwimbaji anaitwa Zabron.

Hapo pana siri ya makundi haya, na Bungoma iliijua bila kuisoma popote. Kundi la ndugu linalodumu ni lile lililomruhusu mtu mmoja asiye ndugu aingie. Damu hutoa sauti inayofanana. Haitoi sauti zote.

Mkazamwana

Kwa Wabukusu mgeni huyo hakutafutwa mbali. Aliletwa na harusi. Mila haimruhusu mtu kuoa katika ukoo wake, kwa hiyo soprano wa nyumba hii lazima aende, na kwa sababu hiyo hiyo soprano wa nyumba nyingine lazima aje. Mkazamwana anafika na sauti aliyofundishwa na mama mwingine, na “a” ambayo si ya kwao. Anajua wimbo ule ule kwa zamu tofauti; mahali wanapopanda, kwao walishuka.

Kumwingiza si jambo la siku moja. Kuna heshima ya ukwe, hasa kati yake na baba mkwe, ambaye pengine bado ndiye anayetoa do. Hawezi kusimama bega kwa bega naye. Atawekwa mwisho wa mstari, upande wa pili, shemeji zake wakiwa katikati kama ua. Mwanzoni anaimba kwa kuiba, akimsikiliza wifi aliyebaki na kumfuata nusu hatua nyuma. Na kila mazoezi wifi humwambia maneno yale yale, kwa upole wa nje na ukali wa ndani: “Wifi, usinifuate. Shika yako.”

Anaposhika yake kweli, kundi hubadilika. Waliokuwa wakisikiliza tangu zamani hugundua na wengine hulalamika kwamba si wale tena. Ni kweli si wale. Wamekuwa nyumba, badala ya kuwa watoto.

Maisha mapya ya simu hayakulibadilisha hilo. Safaricom ilileta miito ya Skiza mwaka 2009, YouTube ikaua meza ya mlangoni, Sulwe FM ikawapa wasikilizaji wa Kibukusu redio yao. Kundi sasa hurekodi Kitale kwenyewe na wimbo hufika Doha kabla ya kufika Misikhu. Machi 2020 corona ilipofunga makanisa, familia za waimbaji zilirudi sebuleni, simu ikiegemezwa kwenye chupa ya chai, na walioangalia waliona kitu ambacho wazee walikijua: meza moja, watu wa nyumba moja, sala ya jioni.

Lakini mtihani wa kwaya ya ndugu bado ni matanga. Siku mzee mwenyewe anapozikwa, boma la Bungoma hujaa na matatu za kutoka Kitale huegeshwa hadi barabarani. Binti aliyeolewa amekuja tangu juzi. Ndugu wanasimama karibu na jeneza, na yeye anaingia mahali pake pa zamani, juu, sauti ya kwanza, bila kufikiri. Pana mtu hapo. Shemeji wanatazama chini. Hakuna wa kutoa do, kwa kuwa aliyeitoa miaka yote amelala mbele yao, hivyo kaka mkubwa anaitafuta kwa kuguna, anaikosa, anaipata. Wanaanza. Binti anasikia sauti yake ikiimbwa na mwingine, vizuri, kwa “a” ya mama yake. Anayumba mstari mmoja, anamfuata.

Mkazamwana, bila kugeuka, anamgusa mkono. “Wifi,” anamwambia kwa mnong'ono, kati ya ubeti na kiitikio, “shika alto ya mama.”

Naye anaishika.